Nani kamtuma anayejituma?

Cheti kipo mpaka leo, nyuma ya kabati la nguo, kimeelekezwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. "Mfanyakazi Bora wa Mwaka." Chini yake jina langu, lenye herufi moja ya ziada ambayo mtu wa utawala aliifuta kwa wino mweupe dakika chache kabla sijaitwa mbele. Sababu ya kupewa imeandikwa kwa mwandiko wa mlazo: "kwa moyo wake wa kujituma". Pamoja nacho nilipata jiko la gesi la pleti mbili na fulana ya Mei Mosi. Jiko lilishakufa. Fulana tunadekia. Kilichobaki ni lile neno, na kwa miaka kadhaa sasa limenikaa kama uzi wa embe kwenye meno.

Mtanzania gani hajawahi kuambiwa ajitume? Inaanza kwenye ripoti ya shule: "Ana uwezo ila hajitumi." Timu ikishinda, kocha anaiambia redio vijana wamejituma, ikifungwa, vijana wamejituma ila bahati haikuwa yetu. Tangazo la kazi linataka mtu "mwenye kujituma bila usimamizi wa karibu", na ukilisoma mara ya pili unaelewa kwamba hawana mpango wa kumlipa msimamizi. MC wa harusi anamsifia bwana harusi kuwa ni kijana anayejituma, na ukumbi mzima unajua maana yake: hela bado.

Maneno ya kazi iliyopita kiasi tunayo tele. Wakulima wanamenyeka, kama muhogo ulioambuliwa maganda. Machinga wanachakarika. Ukipewa kazi ya kukomolewa umehenyeshwa. Mtaani siku hizi ni kupambana na kuhaso, na jirani zetu wa Kenya mwaka 2022 walilifikisha neno "hasla" mpaka kwenye kampeni za urais. Kuna kupiga kazi na kuchapa kazi, ambapo kazi ndiyo inayopigwa. Mambo yakigeuka, sisi ndio tunaosema tumepigika.

Na kuna kusulubika, ninaloliheshimu kuliko yote. Kazi ya sulubu ni kazi ya kuvunja mwili, na mzizi wake wa Kiarabu ndio uleule uliotupa msalaba. Huko Uarabuni mzizi huo unabeba pia ugumu, kama wa chuma, na uti wa mgongo. Kwa maana hiyo ya mgongo umo kwenye Surat At-Tariq, aya ya 7. Msalaba na mgongo katika neno moja. Mbeba zege yeyote wa Kariakoo atakuthibitishia hilo bila kusoma Kiarabu hata siku moja.

Lakini sikiliza: kumenyeka, kuhenya, kusulubika, yote hayo ni maneno yanayoomba pole. Na pole tunaitoa. Sisi ni watu tunaompa mtu pole kwa sababu tu tumemkuta anafanya kazi. Mama yuko shambani, fundi yuko juu ya paa, karani yuko dirishani: "Pole na kazi." Naye anajibu "Nishapoa" bila hata kuinua kichwa, na mikono inaendelea. Hakuna aliyefiwa wala aliyeumwa. Tumemwona tu kwamba yuko kazini. Anayejituma hapewi hiyo pole. Yeye anapewa hongera, na mwaka ukiwa mzuri, jiko la gesi.

Nililibomoa neno hili vipande vipande usiku mmoja kwenye foleni ya Buguruni, saa nne, nikiwa nimesimama kwenye daladala la Tabata na viatu nimevivulia ndani ya mkoba kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Nilianza na kutuma.

Wengi wetu tulitumwa kabla ya kujua kusoma. Bibi yangu, kule Muheza, alikuwa akinituma dukani na chupa ya mafuta ya taa, na kabla sijageuka anatema mate mchangani: "Haya, yasikauke hujarudi." Mbio nilizokuwa nakimbia, visigino vinagonga makalio! Nikirudi nyumbani nanyoosha shingo kwanza kuyatazama mate, bibi baadaye. Karibu kila mara yalikuwa yamekauka. Jua la Muheza na mchanga wa Muheza ungetegemea nini? Na bibi hakuwahi hata siku moja kuyaangalia. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba mate yale hayakuwa yanapima kitu. Kazi yake ilikuwa kunikimbiza.

Sasa angalia ukoo wa neno. Mtume ni aliyetumwa. -E yake ya mwisho ndiyo ile ya mteule, aliyeteuliwa, na ya kiumbe, aliyeumbwa. Mtumwa naye ni aliyetumwa, safari hii kwa -wa ya kutendwa iliyo wazi kabisa. Kwa sarufi hao wawili wanakaa mlango kwa mlango, na umbali wote ulio kati yao unatokana na aliyewatuma. Kisha anakuja mtumishi: wa Mungu, wa umma, wa ndani. Inakuja tume, ambayo huundwa pakishaharibika. Inakuja kutumikia, na hapo Kiswahili kinafanya mchezo wake: tunatumikia taifa, tunatumikia wananchi, tunatumikia kifungo. Inakuja kutumikisha, neno la mahakamani, la watoto waliokutwa machimboni.

Na kuna kutumika. Ofisini kwetu tulikuwa na kaka mmoja kutoka Lubumbashi, ukimpigia simu anakwambia "niko natumika". Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Kwao kutumika ndiko kufanya kazi, neno la kila siku, halina uchungu wowote. Huku kwetu kinachotumika ni gari kutoka Japani na nguo ya mtumba. Mtu niliyemsikia akijisemea hivyo kwa Kiswahili cha Tanzania ni babu yangu peke yake: "Nimetumika mkongeni miaka kumi na moja." Nikiwa mdogo nilidhani amekosea.

Babu alikuwa Muha wa Kasulu. Aliletwa Tanga miaka ya 1950 na watu wa kuandikisha vibarua. Wenye mashamba walikuwa na chombo chao kwa shughuli hiyo, SILABU, tangu mwaka 1944. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche elfu moja yenye asili ya Florida, wakapona 62 tu, na katika hao 62 ikatoka bahari ile ya mistari ya kijani unayoiona ukiwa kwenye basi kutoka Korogwe kwenda Tanga. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa namba kwenye orodha. Tulipokuwa shule, kuitwa mjukuu wa manamba ilikuwa sababu tosha ya kupigana.

Babu alikuwa na kipande, kadi yenye nafasi thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, nafasi moja inatiwa alama. Usipoimaliza, siku hiyo haikuwepo. Umeamka, umekatwa na miiba, utomvu umekuwasha mpaka mabegani, lakini kwenye kadi haikuwepo. Mwezi wa mkonge kwa hiyo haukuwa mwezi wa kalenda. Ulikwisha alama zikifika thelathini, na mshahara ukasubiri hapo. Babu alikuwa na mwezi mmoja uliochukua wiki sita kwa sababu ya homa, na aliukumbuka kama watu wanavyokumbuka mwaka wa njaa.

Sisemi ilikuwa raha. Lakini kuna jambo lililokuwa likinishangaza kila akisimulia: kazi ilikuwa na mwisho. Ilipimwa. Mkataji alikuwa na idadi yake ya mizigo ya majani, mpaliliaji alikuwa na ngwe yake. Babu alikuwa akiamka gizani, na mkono ukiwa mwepesi, saa saba mchana majani yake yako njiani kwenda korona (ndivyo tulivyoiita mashine ya kutoa nyuzi, miaka mingi kabla ya ule ugonjwa kuliharibu jina) na yeye yuko kambini anashona kiti cha kamba. Na alimjua aliyemtuma. Mnyapara alikuwa na jina, alikuwa na kofia, alikuwa na filimbi. Watu walimtungia misemo. Mnyapara akishalala, babu naye alikuwa hatumwi na mtu.

Sasa chomeka -ji- katikati ya neno. Kujituma: mtumaji ni wewe, mtumwaji ni wewe. Mate unatema mwenyewe, unakimbia mwenyewe, na ukirudi ukakuta yamekauka, wa kukugombeza ni wewe. Filimbi iko kichwani na hailali. Sawa. Ila chupa ya mafuta ya taa uliyokimbilia inaenda kuwasha taa ya nani? Hapo ndipo -ji- inanyamaza. Inatwambia habari za aliyetuma na aliyetumwa, habari za aliyepokea haizitaji kabisa.

Hii -ji- tumelelewa nayo. Shule ya msingi tulikuwa na kipindi cha EK, Elimu ya Kujitegemea, sera ya mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Kwa karatasi ilikuwa wazo zuri, na bado naona lilikuwa zuri. Kwa mikono ilikuwa ni jembe kutoka nyumbani, ndoo ya samadi siku ya Jumatatu, na kupalilia shamba la shule jua likiwa utosini. Mahindi yalistawi vizuri sana. Yalikokwenda baada ya kuvunwa ni swali ambalo darasa zima halikuwa na adabu mbaya ya kuliuliza.

Basi nilifika ofisini nikiwa nimeiva. Ilikuwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na mimi nilikuwa upande wa hesabu na nyaraka. Tulianza saba kwenye chumba kile. Mmoja akaolewa akahamia Mwanza, mwingine kibarua chake kikaota nyasi, wa tatu akapata kazi serikalini, na hakuna aliyeletwa badala yao. Meli haijui kwamba mmepungua. Kontena likichelewa kutoka linaanza kulipiwa, kwa hiyo kila faili lililokuja mezani lilikuja likiwa limekwishatemewa mate.

Bosi hakuwahi kuniambia nibaki baada ya saa za kazi. Hata siku moja. Angeniambia, ningenuna, ningelalamika jikoni kwa wenzangu, labda siku moja ningekataa. Alichokuwa akifanya ni kupita mlangoni saa kumi na moja na nusu, begi begani, na kusema kwa upole kabisa: "Wewe bwana ni jembe." Kisha anaondoka. Na mimi, jembe, nabaki mpaka saa tatu.

Wewe ni jembe! Tunavyolipenda hilo. Siku moja nikiwa likizo fupi Muheza nililiona jembe la bibi limeegemezwa ukutani, lile ambalo kwa miaka yote amelimia mihogo. Bapa lilikuwa limeliwa mpaka limebaki kama kiganja, karibu na mpini. Nikamwuliza mbona hatupi. Akasema bado linatumika. Kwenye soko la Muheza jembe likishaisha namna hiyo watu huliita kijembe, neno ambalo kwa bahati nzuri ndilo pia la maneno ya kumchoma mtu, na nikahisi bibi amenipiga kimoja bila kukusudia.

Babu alifariki Jumanne, mwezi wa meli nyingi. Niliingia kwa bosi nikilia. Alisimama, akanishika bega, akasema pole, na nadhani ilimtoka moyoni. Halafu akasema: "Nenda. Ila unajua wewe ndiyo jembe letu. Ijumaa tunakutegemea." Sikuhesabu. Nilipanda basi la usiku, nikazika Jumatano jioni, Alhamisi mchana nikawa nimeshakaa dirishani kwenye basi la kurudi, na wanawake wa ukoo wakinitazama kupitia kioo kwa macho ambayo sitayasahau. Hakuna aliyenikataza kukaa matanga. Nilijituma.

Baadaye sana, rafiki anayefanya kazi za sheria alinifungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Nimesomea uhasibu, nimefanya kazi miaka tisa, sikuwa nimewahi kuisoma. Saa 45 kwa wiki, zisizozidi tisa kwa siku. Saa za ziada kwa makubaliano, zisizopita 50 kwa kila wiki nne, na zinalipwa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka siku 28. Kisha akanionyesha kifungu cha ruhusa yenye malipo, angalau siku nne, kwa kufiwa na mume au mke, mzazi, ndugu, mjukuu. Babu na bibi wametajwa humo. Nilikaa na simu yake mkononi nikilisoma hilo neno moja mpaka kioo kikazima.

Siku nne. Zilikuwa zangu, na nilizoziacha niliziacha mwenyewe, ndiyo utamu wa kujituma kwa upande wa pili. Ningekwenda kumlaumu nani? Kuna msemo wa zamani, heri punda afe mzigo wa bwana ufike. Siku zote nilikuwa nausikia kama sauti ya bwana. Usiku ule niliusikia kama sauti ya punda.

Sijaandika haya kuwatetea wavivu, msije mkaniletea hayo. Nchi hii iliingia uhuru na "Uhuru na Kazi" mdomoni, mwaka 2015 tukapewa "Hapa Kazi Tu", na mimi kazi naipenda, harufu ya daftari jipya la hesabu inanifurahisha mpaka leo. Wala sitaki neno lifutwe kwenye kamusi. Mtu anayeamka usiku kunywesha mche wake wa mchungwa anajituma, na neno linamkaa sawasawa, kwa sababu machungwa atakula yeye. Ninachokataa ni kuliona kwenye tangazo la kazi la mtu mwingine, kwa machungwa ya mtu mwingine. Pale walitakiwa kuandika: tunatafuta mtu wa kumtuma. Lingekuwa tangazo la kweli, na mshahara ungejadiliwa vizuri zaidi.

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Sikuondoka kwa kishindo. Niliandika barua ya mistari mitano, wakanifanyia keki, na bosi akasema kwenye hotuba kwamba pengo langu halitazibika. Nadhani kweli halijazibwa, maana waliobaki chumba kile sasa ni wawili.

Siku hizi nafanyia nyumbani, Tabata. Nawawekea hesabu wafanyabiashara wadogo: duka la vipuri, saluni mbili, mama mmoja mwenye stoo ya nafaka ambaye risiti zake huziweka kwenye debe la unga na kila mwezi natimua vumbi. Ritani za VAT zinatakiwa kila tarehe 20, kwa hiyo kuanzia tarehe 15 meza ya chakula haionekani, na binti yangu anakulia kwenye kochi na sahani mapajani. Kaka wa Lubumbashi alinipigia juzi akaniuliza kama bado natumika. Nikamwambia niko natumika, nikasikia jinsi lilivyotoka vizuri.

Bibi naye amelirithi neno kutoka kwa marehemu mumewe. Wiki iliyopita kapiga simu usiku, ameazima ya jirani, anapiga kelele kama anaiita Dar kwa mdomo.

"Mke mwenzangu! Unatumika wapi siku hizi?"

"Nimejiajiri, bibi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Sina bosi. Bosi ni mimi mwenyewe."

Kimya kidogo. Nilisikia kuku wa mtu na redio ya taarabu.

"Ahaa. Basi mwombe huyo bosi wako ruhusa uje unione. Na umwambie siku mbili hazitoshi."

Nikasema nitamwambia. Alipokata, saa ya ukutani ilikuwa tatu na dakika arobaini. Debe la mama wa nafaka lilikuwa bado halijafunguliwa, na kesho yake ilikuwa tarehe 20.